Sauti Niliyoiondoa Bila Kuisikiliza

Mimi ni mtu wa kupanga. Sijisifu, ni ugonjwa. Nikikaribishwa chai kwa jirani, mkono wangu huanza wenyewe kugeuza vikombe ili mishikio yote iangalie upande mmoja. Nikiwa kanisani nahesabu vitabu vya nyimbo vilivyowekwa kichwa chini. Marehemu mama alikuwa akisema kwamba nitaolewa na kabati. Sikuolewa na kabati wala na mtu, lakini nilipata kazi inayofanana na kabati lisilo na mwisho, na nimeifanya kwa miaka mingi bila mtu yeyote wa kijiji chetu, Kibugu, kujua ni kazi gani hasa.

Nieleze kidogo. Kuna programu za kompyuta ambazo watu huziandika huko na huko duniani, kisha wakaziachilia zitumiwe na yeyote. Programu ikiachwa hivyo tu ni kama mahindi yaliyomwagwa uani. Lazima mtu ayapepete, ayatie guniani, aandike juu ya gunia ni mahindi gani na yametoka shamba la nani, ndipo yaingie ghalani. Ghala lenyewe liko mtandaoni, na kompyuta yoyote iliyounganishwa nalo inaweza kuomba kitu ikapewa. Gunia moja tunaliita kifurushi, na anayelishughulikia ni mtunzaji. Mimi ni mtunzaji, wa kujitolea. Mkate wangu unatoka kwenye kazi nyingine, ya kurekebisha tovuti za watu wa Nairobi ambao hatujawahi kuonana.

Huku nyumbani wanajua tu kwamba nakaa na kompyuta. Basi wananiletea simu zilizosahau nywila, na fomu za kujiandikisha hiki na kile, na siku moja mzee wa kanisa aliniletea redio. Nilimwambia sijui redio. Akaniangalia kwa huruma, kama anayemwona mtu aliyesomeshwa bure, akaniachia redio yake.

Nafanyia kazi kwenye meza ya jikoni ya mama, mbele ya dirisha linaloangalia majani chai yetu na juu yake msitu. Asubuhi ukungu hushuka hadi kwenye ua, na mpaka saa nne huwezi kuona hata mwembe wa jirani. Saa hizo ndizo ninazozipenda. Nachemsha chai, nafungua orodha ya vifurushi vyangu, napitia kimoja kimoja. Hiki maelezo yake yameandikwa ovyo, nayanyoosha. Hiki kimetaja anwani ya tovuti iliyokufa, naifuta. Hiki kinadai programu tatu nyingine ili kifanye kazi, na nikichungulia ndani naona kinatumia moja tu, zile mbili zilibaki kwa uvivu wa mtu. Nazitoa. Ukiwa na tabia kama yangu, hakuna raha inayoizidi hiyo.

Mtunzaji akichoka, au akioa, au akifa, au akipotea tu bila kuaga, vifurushi vyake hubaki bila mtu, na huitwa yatima. Neno hilo tumeliandika kwenye orodha yenyewe, yatima, na tarehe kando yake. Kila mtu anaweza kuchukua yatima. Mimi nilikuwa nikiwachukua bila hesabu. Wengine hawakuwa na maana yoyote, kama ile programu ya kuhesabu awamu za mwezi ambayo iliandikwa na mtu ambaye nadhani hakuwa na dirisha. Lakini ningeiachaje ikae hapo bila mwenyewe, na mimi nina meza na asubuhi nzima?

Wenzangu katika kazi hii nawafahamu kwa maandishi. Kuna mmoja wa nchi ya baridi ambaye tumeandikiana kwa miaka, na sijui kama ana watoto. Barua yake ya kawaida ina maneno mawili: asante, imeingia. Watumiaji nao huandika kitu kikiharibika tu. Kikifanya kazi vizuri hakuna anayekuandikia, kama vile hakuna anayebisha hodi kukwambia kwamba paa lako halivuji. Kwa hiyo nilijifunza kufurahia kutoandikiwa. Sanduku la barua likiwa tupu nilijiambia leo nimefanya vyema.

Hayo yalikuwa sawa mama alipokuwa hai. Nilikuwa nikimaliza nafunga kompyuta, tunabishana kuhusu chumvi kwenye mukimo. Alipofariki, ule utupu wa sandukuni ukaungana na utupu wa nyumba. Niseme wazi, kwa sababu sipendi watu wanaozunguka neno: nilikuwa mpweke kiasi kwamba nilianza kumsemesha mbuzi. Na mbuzi mwenyewe hakuwa wangu.

Katika yatima wangu kulikuwa na kifurushi kimoja cha sauti. Kilikuwa cha kuisaidia kompyuta kusoma maandishi ya Kiswahili kwa sauti. Aliyekiandika alikuwa mwanafunzi wa chuo, nadhani Mkenya, maana maelezo yake ya mwanzo yalikuwa na shukrani kwa mjomba wake wa nyanda za juu aliyekubali kurekodiwa kwa saa nyingi. Alikiweka, akakitunza mwaka mmoja, akanyamaza. Nilikichukua. Kwa miaka mitatu nilikipanga hadi kikapendeza: nilinyoosha maelezo, nikapanga leseni, nikagawa faili za sauti upande wake na za kanuni za kusoma upande wake. Nilijua uzito wake. Nilijua faili ngapi zimo na zinaitwaje. Sikuwahi hata siku moja kukifungua nikasikia kinavyosema.

Ndivyo kazi yetu ilivyo, na sijitetei. Unapanga magunia mia moja. Huonji mahindi ya kila gunia.

Mwaka ule ule wa msiba ghala lilikuwa linajiandaa kutoa toleo jipya, na kifurushi cha sauti kikagoma. Kilitegemea kitu cha zamani ambacho kilikuwa kimeondolewa. Kukitengeneza kungechukua siku mbili, tatu nikikwama. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na hasira pia, hasira ya msiba ambayo haina mwenyewe wa kuelekezewa, na nilitaka kitu kipungue. Nikatazama kama kuna programu nyingine inayokitegemea. Hakuna. Nikatazama hesabu ya watumiaji.

Hapo ndipo penye aibu yangu, kwa hiyo nitapaeleza polepole. Ghala lina njia yake ya kujua nani anatumia nini. Mwenye kompyuta akikubali, kompyuta yake hutuma kila wiki orodha ya vilivyomo, na hesabu hujumlishwa huko. Kifurushi cha sauti kilikuwa na sifuri. Nikaiamini sifuri ile kama mtu anavyoamini cheti. Na wakati huo huo, kwenye kompyuta niliyokuwa nikiandikia, kutuma huko nilikuwa nimekuzima siku ya kwanza kabisa. Kila mtu wa huku anayenunua bando hufanya hivyo. Huachi kitu kikae kinatuma chenyewe huku unalipia. Nilikuwa na vifurushi zaidi ya elfu moja ndani ya mashine yangu, navitumia kila siku, na katika hesabu za ghala sikuwepo. Mimi sikuhesabiwa, na nikasoma hesabu ile ile kuamua kwamba wengine hawapo.

Nikaandika notisi kwa Kiingereza, kwenye orodha ya barua ambayo watunzaji husoma. Niliandika kwamba mwandishi amenyamaza, kifurushi hakijengeki tena kwenye toleo jipya, na hakuna mtumiaji anayejulikana. Utaratibu ni kungoja mwezi mmoja. Asipopinga mtu, umekubaliwa. Hakupinga mtu. Nikakiondoa siku ya Jumanne asubuhi, nikaona orodha yangu imepungua mstari mmoja, nikamimina chai ya pili na kujiona nimefagia.

Huku kwetu mambo hayaendi hivyo, nami nilikuwa najua. Nilipokuwa darasa la saba baba alitaka kuuza kipande cha shamba la chini, na tukaitwa sote mbele ya bodi ya ardhi, hata mimi na sare yangu ya shule. Mwenyekiti alimuuliza mama kama anakubali. Mama akatazama mikono yake. Akaulizwa tena. Akatazama mikono yake. Baba akasema, "Amekubali, anaona haya tu." Mwenyekiti akafunga faili, akasema hajasikia neno, na asiposikia neno kutoka kinywani mwa mke hakuna kitu kinachouzwa. Shamba lile lipo mpaka leo, na majani chai ninayoyaona dirishani ndiyo hayo. Nililelewa na kimya cha mama kilichomaanisha hapana. Nikaenda kufanya kazi mahali ambapo kimya maana yake ni ndiyo, na sikuona tofauti.

Ilipita karibu nusu mwaka. Asubuhi moja ya ukungu nikafungua sanduku nikakuta barua ya Kiswahili. Kwa miaka yote ile, hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza.

"Sema boss," iliandika. "Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Maua, huku Meru. Mwezi jana nili-upgrade mashini ya mwalimu mmoja wa Kianjai, ile sauti ya kumsomea ikapotea. Nimecheki nikaona ni wewe uliitoa, na jina lako naona ni la upande wa Embu ndio maana nakuandikia hivi. Kwani mlikuwa mnafikiria nini? Huyu mzee haoni. Irudishe ama unishow vile nitafanya."

Nilikasirika kwanza. Nilikuwa hodari wa kukasirika mwaka ule. Nikaanza kumwandikia kwamba mimi si boss, kwamba sisi hatulipwi, kwamba notisi ilikaa mwezi mzima, na angeisoma. Nikafika kwenye neno kusoma, vidole vikasimama. Nikafuta yote. Nikaandika: nipe namba ya mwalimu.

Nilipopiga, mwalimu alipokea mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea darasa lisilo na maikrofoni.

"Wewe ndiye uliitoa?"

"Ndiyo, Mwalimu. Samahani. Nitaitengeneza, halafu nitamwelekeza fundi aje—"

"Fundi wacha. Fundi hakuitoa. Njoo wewe."

"Mwalimu, mimi niko Kibugu, huku Embu."

"Najua Embu iko wapi. Nilifundisha jografia miaka thelathini."

Akakata simu. Ningeweza kumtumia fundi faili na mambo yakaisha. Nilijiambia naenda kwa ajili ya adabu, kwa sababu mtu mzima ameniita. Ukweli ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kuniita kwa sababu ya kazi ile, na hata kuitwa kugombezwa niliona ni kuitwa.

Siku mbili nilikaa jikoni nikikitengeneza. Siku ya pili, karibu saa tano asubuhi, kikakubali kujengeka. Ili kujaribu, nikaandika sentensi ya kwanza iliyonijia, "Habari ya asubuhi," nikabonyeza.

Mwanaume mzee akaniamkia ndani ya jikoni ya mama.

Sikuwa tayari. Nilitegemea ile sauti ya bati inayosoma Kiswahili kama mtalii. Huyu, mjomba wa yule mwanafunzi, alikuwa mtu wa huku. Alisema maneno kwa uzito wa watu wa milimani, akiyasukuma kidogo kutoka kifuani, kama wanavyosoma matangazo ya kanisa. Nikaandika, "Umeamkaje?" Akauliza. Nikaandika, "Leo kuna baridi." Akasema leo kuna baridi. Nikaandika, "Chai iko tayari, njoo unywe." Nilipomsikia anasema hilo nikaanza kulia, na sikuacha kuandika. Niliandika upuuzi mtupu mpaka saa saba, mambo ya mbuzi, mambo ya chumvi, na yeye akisema kila kitu nilichompa. Miaka mitatu nilikuwa naye kwenye orodha, nikamwondoa, na siku zile zile nilikuwa nikilala na redio ya mzee wa kanisa imewashwa, ikikwaruza tu, ili nyumba isinyamaze.

Kianjai nilifika Alhamisi mchana, soko likiwa limepamba moto, miwani imejaa vumbi. Nyumba ya mwalimu iko nyuma kidogo ya soko, ya mawe, na kamba imefungwa kutoka mlangoni hadi chooni, na nyingine hadi kwenye kiti chini ya mparachichi, ili ajiongoze. Mke wa mwanawe alinipokea. Alikuwa mwanamke mchangamfu wa umri wangu, mikono ina maganda ya njahi, yale maharagwe meusi. Akaninong'oneza kabla hatujaingia, "Ukisikia anakugombeza usijali. Tangu hiyo kitu inyamaze amekuwa mbaya sana. Hata mimi hanitaki."

"Kwa nini wewe?"

"Barua za binti yake. Yuko ng'ambo, anamwandikia kila wiki kwa kompyuta. Nikamwambia, Baba, si mimi nikusomee? Akasema heri zikae. Zimekaa. Saa hii barua ni kama tano hivi, hazijasomwa."

Mwalimu alikuwa ameketi mbele ya mashine iliyozimwa, mikono juu ya meza, kama mtu anayesubiri kuhudumiwa hotelini. Presha ya macho ilimchukulia uoni kidogo kidogo, alikuja kuniambia baadaye, kwanza ubao, kisha nyuso za wanafunzi, mwisho mlango. Hakuniuliza safari. Aliniambia kiti kiko kushoto kwangu.

Nikaweka nilichokuja nacho. Haikufanya kazi mara moja. Mashine yake ilikuwa ya zamani sana, na ikabidi nibadilishe vitu viwili vitatu papo hapo. Stima ikapotea, tukangoja. Ikarudi. Saa tisa hivi nikamwambia ajaribu. Vidole vyake vilikwenda kwenye vitufe bila kupapasa, na sauti ikasema, "Karibu."

Uso wake haukubadilika. Alishusha pumzi tu, ndefu, kisha akaweka vile vya masikioni.

"Tokeni nje," akasema.

Tulitoka, mimi na mke wa mwanawe, tukakaa barazani tukaambua njahi. Kupitia dirishani hatukusikia maneno, kwa sababu maneno yalikuwa masikioni mwake. Tulimsikia yeye. Alicheka mara moja, akakohoa. Mwenzangu akaacha kuambua. Kisha mwalimu akasema kitu kwa Kimeru, kwa upole, maneno machache. Mimi Kimeru cha kule nakishika nusu nusu, na hata hayo niliyoyashika hayakuwa yangu. Mke wa mwanawe alijipangusa macho kwa mkono wenye maganda.

"Miaka kumi na moja hawakuongea," akaniambia. "Sijui walikosana nini. Walianza tena mwaka jana tu, kwa hizo barua. Binti alipoona hajibiwi, alikuwa ameanza kufikiria amekasirika tena. Aliniuliza kwa simu. Nikamwambia ni kompyuta. Sijui kama aliamini."

Njahi zilikuwa mkononi mwangu nikashindwa kuzitia kwenye bakuli. Wiki tano mtu alikuwa ng'ambo anadhani baba yake amemnyamazia tena. Na aliyemnyamazisha ni mimi, siku ya Jumanne, nikinywa chai.

Tulipoitwa ndani mwalimu alikuwa amekwisha kumjibu binti. Akasema sasa nimsomee ile notisi.

"Iko kwa Kiingereza, Mwalimu."

"Nilisoma Kiingereza kabla mama yako hajazaliwa. Soma."

Nikasoma. Nilipofika kwenye hakuna mtumiaji anayejulikana, akainua kidole.

"Ulitafuta wapi?"

Nikamweleza mambo ya hesabu, ya kompyuta kutuma orodha kila wiki. Nikamweleza na kwamba yangu nilikuwa nimeizima. Sijui kwa nini nilimwambia hilo. Pengine kwa sababu hakuwa na macho ya kunitazama nayo.

"Kwa hivyo hata wewe hujulikani."

"Hata mimi, Mwalimu."

Nilidhani sasa ndipo kugombezwa kunaanza. Badala yake akamwita mke wa mwanawe aongeze chai, akaniambia tufanye hivi: kompyuta yake haitatuma orodha yoyote popote, kwa sababu bando ni bei na hapendi kuchunguzwa. Lakini kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, atanipigia simu yeye mwenyewe na kuniambia kama bado anaitumia. Mimi niandike huko ghalani.

"Utaandika?"

Nikamwambia nitaandika. Na niliandika. Kurudisha kifurushi ghalani kulichukua miezi miwili ya maswali, na yule mwenzangu wa nchi ya baridi aliniuliza nina ushahidi gani kwamba kina watumiaji. Nikamjibu kwamba yuko mmoja, na hunipigia simu. Hakujibu siku tatu. Kisha ikaja barua ya maneno mawili.

Jumamosi ya kwanza simu ililia saa nne kamili.

"Bado," akasema mwalimu, akakata.

Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu akaongeza kwamba sauti inakosea majina ya mito, na akanitajia mito saba. Nilirekebisha mito. Ya nne akauliza mvua imefika Kibugu. Ya tano akaniuliza kama nimekula, na nilipochelewa kujibu akasema, "Hujakula." Kabla sijajua, Jumamosi hiyo ikawa na matayarisho. Naamka, nafagia jiko, napanga vikombe ambavyo hakuna atakayeviona, naweka simu mezani ikiangalia juu. Mtu mzima mimi, nikisubiri neno moja kutoka Kianjai.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya mwaka huu, saa nne ikafika, simu ikanyamaza. Saa nne na nusu. Nilijiambia ni mtandao. Ukungu ulikuwa mzito. Saa tano nikafungua kompyuta nikajifanya nafanya kazi. Nikafuta mstari, nikaurudisha. Nilijiambia mtu mzima hana haja ya kusumbuliwa, akiwa na neno atasema. Nilijisikia nikilisema hilo, na nikatambua ninavyolisema: ni lile lile la notisi, kwa Kiswahili safari hii. Saa saba kasoro nikapiga. Nikakosea namba mara ya kwanza.

Ilipokewa kabla haijalia mara mbili.

"Mwalimu! Uko salama?"

"Niko salama. Nimeketi na simu mkononi tangu saa nne."

"Mbona hukupiga?"

"Nilitaka kuona utangoja mwezi mzima ama aje."

Nilitaka kumtusi. Nilitaka kucheka. Nikaketi sakafuni. Nikamwambia amenitesa, mzee kama yeye kunichezea hivyo. Akasema muda wa saa tatu badala ya mwezi si mbaya, mwanafunzi ameonyesha bidii. Nyuma yake nilimsikia mke wa mwanawe akicheka na kumwambia aache utoto.

"Sasa sikia," akasema, na sauti yake ikashuka, haikuwa tena ya darasani. "Mimi nikinyamaza, wewe utanipigia. Hiyo nimeona. Binti yangu naye siku hizi nikichelewa siku mbili anapiga. Niko na watu wawili." Akaniuliza: "Na wewe, mwanangu, ukinyamaza huko kwako, ni nani atapiga?"

Nilitafuta jina. Nilitazama meza, vikombe, dirisha lililojaa ukungu. Nilitafuta kwa uaminifu, kama nilivyopaswa kutafuta mara ile ya kwanza, na muda ukaenda, na bando la simu yangu likaenda, na sikuweza kusema neno.

Mwalimu hakukata simu.